Mashine Iliyopiga Chafya

Muuza magazeti wa kona ya mtaa wetu ananiambia wasomaji wamegawanyika. Wako wanaosema bibi huyu anasema kweli. Wako wanaosema bibi huyu anatunga, sauti ile ya kwenye wimbo ilikuwa ya mashine, hata baba zao waliwaambia hivyo.

Baba zenu waliambiwa na redio. Redio iliambiwa na mume wangu. Na mume wangu alisema uongo. Tusonge mbele.

Kwa aliyelikosa gazeti lililopita, nitafupisha. Mimi sina haraka, ila karatasi ina mwisho.

Nilikuwa bado msichana, nimeolewa karibuni, nashona kola za mashati ya sare kwenye kiwanda cha nguo. Mume wangu alikuwa fundi redio. Watu walimwita Bwana Swichi, kwa sababu hakuweza kuona swichi asiiguse. Alikuwa ameokota kinanda cha umeme kilichokuwa kimekufa katika stoo ya hoteli, pamoja na kisanduku kidogo kinachopiga ngoma chenyewe bila mtu. Akavifufua vyote. Alitengeneza kila kitu ndani ya kile kinanda isipokuwa vumbi.

Kikiwashwa kikapata joto, lile vumbi liliungua na kutoa harufu kama nywele zilizoguswa na pasi. Wengine waliinusa wakaendelea na kazi zao. Mimi ilinipigisha chafya. Na chafya yangu si ya kuficha ndani ya leso. Inatikisa dirisha.

Waimbaji wengi walijaribu wimbo alioutunga mume wangu wakashindwa. Ngoma ya mashine haimsubiri mtu avute pumzi. Mimi nikaweza, maana cherehani ya kiwandani nayo haimsubiri mtu, na nilikuwa nimeimba nayo kila siku ya kazi. Nikaimba "Nisubiri Dirishani" mwanzo hadi mstari wa mwisho. Hapo harufu ikanifikia. Chya! Na umeme wa mtaa mzima ukakatika.

Uliporudi, kinanda kilikuwa kimesahau sauti zote ambazo mume wangu alihangaika kuzitafuta. Hazikupatikana tena. Tulichobaki nacho ni ule mkanda mmoja tuliorekodia wimbo, mzuri kupita kiasi, unaoishia kwa chafya na kimya. Mwenye studio, tuliyemwita Miwani, alishika kichwa akasema, "Basi, upeleke hivyo hivyo. Watu watadhani redio zao zimeharibika."

Hapo ndipo nilipoishia.

Wimbo ulipigwa redioni mara ya kwanza nikiwa kazini.

Msimamizi wetu alikuwa na redio juu ya kabati la nyuzi. Aliruhusu ifunguliwe mchana, tukifanya vizuri. Nilisikia ile ngoma ikianza, tu-ka-tu-ka, mguu wangu ukaacha cherehani wenyewe.

Mwenzangu wa meza ya pili, aliyekuwa akishona vifungo, aligeuka. "We! Hiyo si sauti yako?"

Nikatabasamu. Nikajiandaa kukubali. Nilitaka nikubali polepole, ili utamu usiishe upesi.

Chafya ikalia. Ukumbi mzima ukacheka. Ndipo mtangazaji akasema, "Wasikilizaji, mtunzi yuko nami hapa. Bwana Swichi, tuambie, huyo mwanamke anayeimba ni nani?"

Mume wangu akakohoa. Nilikijua kikohozi kile. Hukohoa hivyo akiulizwa nani kamaliza sukari.

"Si mwanamke," akasema. "Ni mashine."

"Mashine inaimba?"

"Nimeifundisha."

"Na ile chafya?"

Akakohoa tena: "Ina vumbi ndani."

Mtangazaji akacheka mpaka akapoteza pumzi. "Wasikilizaji, tuna mashine yenye mafua!"

Mwenzangu wa vifungo akarudi kwenye shati lake. "Kumbe mashine. Nikadhani wewe." Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana iliuma.

Siku ile nilishona kola upande wa nje ndani. Msimamizi akanirudishia rundo zima nilifumue. Nikafumua, kola baada ya kola, na kwenye redio ule wimbo ukaombwa tena.

Nilimkuta Bwana Swichi nyumbani amekaa, amevaa suti ya kung'aa niliyomshonea kwa vitambaa vya mabaki.

"Mimi ni mashine?" nikamuuliza.

"Mke wangu, kaa kwanza."

"Mashine haikai. Mashine inasimama ilipowekwa."

Akainamisha kichwa. "Ni kwa sababu ya Mama. Unamjua Mama. Akisikia mke wa mwanawe anaimba redioni, moyo wake utasimama. Atakufa, na wewe utabaki na lawama."

Mama mkwe wangu tulikuwa tukiishi naye nyumba moja. Alikuwa mwanamke mwenye goti bovu na ulimi mzima. Alinifundisha kazi za nyumba yake kwa kuzikosoa. Maji nimeweka mengi. Mlango nimefunga kwa kelele. Niliamini angeweza kufa, lakini kwa sharti kwamba angefia mikononi mwangu ili anisumbue.

"Kwa hiyo nitabaki mashine mpaka lini?"

Akafikiri. Bwana Swichi alikuwa na uso mzuri akifikiri, nakiri. Akasema, "Wimbo ukishika namba moja, nitakutaja hewani. Mbele ya nchi nzima. Ukiwa namba moja, hata Mama hataona aibu. Nani anaona aibu kwa namba moja?"

"Apa."

"Haki ya Mungu."

Nikakubali. Msinicheke. Mimi ni mtu wa kungoja. Nimengoja mambo mengi maishani na mengine yalikuja. Nikajiambia, mwanamke wewe, sasa una jambo moja tu la kuangalia: ule wimbo upande.

Kila Jumamosi alasiri redio ilisoma nyimbo kumi zilizopendwa na wasikilizaji wiki ile, kuanzia ya kumi kupanda juu. Watu walituma kadi, walipiga simu, waligombana majumbani. Wimbo wangu uliingia kwenye mkia kabisa. Jumamosi iliyofuata ukapanda. Iliyofuata ukaziruka nyingine.

Si kwa sababu ya kinanda, jamani. Kinanda kilikuwa kizuri, sikatai, kilikuwa na sauti kama maji yanayopita kwenye bomba la chuma. Si kwa sababu ya ngoma pia. Ni ile chafya. Watoto walitoka shule wakiipiga barabarani. Kwa kinyozi, mtu akimaliza kunyolewa alitazama kioo, akasema "Nisubiri dirishani," akamalizia chya! Kwenye foleni ya duka la dawa mzee mmoja alipiga chafya ya kweli ya ugonjwa, foleni nzima ikamwitikia kwa wimbo. Alikasirika akaondoka bila dawa.

Nilipita katikati ya watu hao na kikapu changu. Hakuna aliyenitazama mara mbili.

Aliyependa wimbo huo kuliko wote alikuwa mama mkwe.

"Mashine hii ina adabu," alikuwa akisema, akiniangalia. "Inaimba, inapiga chafya yake, inanyamaza. Si kama watu wengine humu ndani, unamwita mara moja haitiki."

"Abee, Mama."

"Nilikuita jana."

Siku moja akaleta majirani. Wakajaa sebuleni, wanawake wazima na mikoba yao mapajani, wanakitazama kile kinanda kama wanamtazama mchumba aliyeletwa kukaguliwa.

"Mwanangu," mama mkwe akasema, "iambie iimbe."

Bwana Swichi akababaika. "Mama, imechoka leo."

"Mashine inachoka? Basi ni mtu."

Wanawake wakacheka. Mume wangu akanitazama. Ni jicho la mtu anayezama. Nikachukua sufuria, nikasema naenda kuchemsha maji ya chai. Nikasimama jikoni nyuma ya pazia, mbali na ile harufu. Ngoma ikaanza. Nikaimba.

Niliimba huku nimeshika sufuria tupu. Sebuleni palikuwa kimya, hata mikoba haikusogezwa. Nilipomaliza, jirani mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Inaimba kama ina machungu."

"Iambie irudie ubeti wa pili," mama mkwe akaamuru. "Umeukimbiza."

Nikarudia ubeti wa pili. Nikautembeza.

"Naam. Sasa chafya."

"Mama, chafya haiwezi kuombwa," mume wangu akasema, jasho linamtoka. "Inakuja yenyewe."

Mama mkwe akapaza sauti kuelekea jikoni: "Mkwe! Hebu ipe hiyo mashine maji, itakuwa imekauka koo."

Wote wakacheka tena. Nami nikacheka kule nyuma, kwa hasira. Nikanywa maji. Sikuelewa kitu. Ninyi wasomaji mna akili, labda mmeshaelewa. Mimi nilichukua muda.

Wimbo ukafika namba mbili. Ukakwama.

Namba moja walikaa wazee wa bendi moja ya magitaa, wenye matumbo na suti za kijivu, na wimbo mrefu kama safari ya treni. Jumamosi ikapita. Nyingine ikapita. Wazee hawakushuka. Nilianza kuwachukia watu ambao sijawahi kuwaona, na hawakunikosea lolote isipokuwa kupendwa.

Wiki hiyo hiyo Miwani akaja nyumbani na msichana. Msichana alikuwa mrembo, nisiwe mchoyo. Alikuwa na alama ndogo nyeusi shavuni, hivyo watu walimwita Kidoti. Mama mkwe alikuwa kwa majirani.

"Watu wamechoka na mashine," Miwani akasema, hata kukaa hajakaa. "Walishangaa, sasa wamezoea. Wanataka kuona mtu. Wakipewa mtu, tunawatoa wale wazee pale juu."

"Mtu yupo," nikasema.

Akavua miwani, akaipangusa, akanitazama bila miwani, labda ili asinione vizuri. "Shemeji, wanataka sura. Ya kuweka kwenye bango."

"Na hii niliyonayo mimi ni nini? Goti?"

Mume wangu alikuwa na bisibisi. Alikuwa akikaza skrubu ambayo ilikuwa imekazwa tangu asubuhi.

Kidoti ndiye aliyesema, taratibu, "Dada, usinichukie. Nimeambiwa nifungue mdomo tu."

"Sikuchukii, mdogo wangu. Lakini ufungue kwa sauti ya nani?"

Nikamgeukia mwenye jibu. "Bwana we. Na ahadi?"

"Iko pale pale," Bwana Swichi akasema, akiiambia bisibisi.

Wakapiga picha. Kidoti alisimama kando ya kinanda amevaa gauni la kung'aa. Mnadhani gauni lile lilishonwa na nani? Nililishona mimi. Niliambiwa ni la mke wa mteja.

Jumamosi, kiwanda kilifungwa mchana. Nilifika nyumbani nikakaa jikoni kumenya viazi. Nilikuwa nimesahau sindano yangu imechomekwa kwenye kola ya gauni nililovaa, mnavyojua mafundi. Mama mkwe alileta redio akaiweka juu ya meza, akakaa, akanyoosha lile goti lake kwenye kigoda.

Zikasomwa. Kumi. Tisa. Nane. Sikusikia hata moja. Nilimenya viazi mpaka vikabaki vidogo kama gololi.

"Namba mbili!" mtangazaji akapiga kelele. Ikalia gitaa.

Gitaa. Wazee wenye suti za kijivu. Namba mbili!

Kisu kikanitoka mkononi. Mama mkwe akaniangalia, nikajifanya nakiokota, nikakaa chini ya meza muda mrefu kuliko kisu kilivyohitaji. Nilipanda juu nikiwa nimefuta macho.

"Mashine imeshika namba moja," mama mkwe akasema.

"Imeshika, Mama."

"Naona imefurahi."

Redioni ngoma yangu ikapiga, sauti yangu ikapita, chafya yangu ikalia. Kisha mtangazaji: "Wasikilizaji, Bwana Swichi amerudi studio kwetu, na safari hii amekuja na kinanda chenyewe! Sasa hivi ndiyo kakiwasha, kinapata joto, atatupigia moja kwa moja. Lakini kwanza, Bwana Swichi, kadi zote zinauliza swali lile lile. Kweli ni mashine?"

Akakohoa.

"Leo nasema ukweli," mume wangu akasema.

Nilishika meza kwa mikono miwili. Nilimtazama mama mkwe, nikaomba Mungu ampe moyo wa kustahimili.

"Si mashine," akasema. "Ni mtu. Ni mwanamke."

"Loh! Nani?"

"Ni huyu msichana niliyekuja naye hapa."

"Hamjambo, wasikilizaji," Kidoti akasema.

Ndugu zangu, nilichukua kiazi kilichokwisha kumenywa, nikakimenya tena.

Mtangazaji hakungoja, yeye analipwa asinyamaze. "Basi, binti, tupigie ile chafya yenyewe!"

Tukasikia: "Tsi."

Kama mtu anayefungua soda akiogopa kuwaamsha wageni.

Mama mkwe akaizima redio. "Hiyo ni chafya," akauliza, "au ni haya?"

Nikaanza kukusanya maganda ya viazi.

"Vaa viatu."

"Mama?"

"Viatu, mkwe. Vile vya miguuni." Alikuwa ameshasimama, anatafuta mtandio wake. "Tangu uolewe umekaa kwenye jiko langu. Nikikaanga pilipili unapiga chafya vifuniko vinaruka. Nisiijue chafya hiyo? Ningeijua hata nikiwa nimezikwa."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu siku ile ya kwanza redioni. Unadhani wale majirani niliwaleta waje kuangalia waya?" Akapiga mtandio begani. "Niliwaleta wamsikie mkwe wangu. Nilingoja mniambie wenyewe. Nikasema, wana siri yao, ni vijana, waache waicheze. Nikakuagizia mpaka maji!"

Nikakaa tena, kiatu kimoja mkononi. "Lakini yeye alisema ukijua utakufa."

Mama mkwe aligeuka polepole. "Mimi? Nife kwa wimbo?" Alitazama ile redio iliyozimwa kama vile mwanawe yuko ndani yake. "Kumbe nimekuwa kisingizio, wala sina habari."

Hapo ndipo nilipoelewa, wasomaji wangu. Hakuwahi kumwogopa mama yake. Aliogopa kitu kimoja tu: kwamba watu wangenisifu mimi badala yake; Kidoti alikuwa wa kufungua mdomo tu, sifa zingebaki za fundi.

Tukatoka. Kituo cha redio kilikuwa mbele ya posta, baada ya barabara ya maduka ya vyuma. Goti la mama mkwe lililalamika, yeye hakulalamika. Katika kila duka redio ilikuwa wazi, kwa hiyo tulimsikia Bwana Swichi njia nzima, akieleza alivyomgundua Kidoti, alivyomfundisha kuvuta pumzi. Duka hili akaanza sentensi, duka lile akaimalizia.

Mlinzi wa mlangoni alikuwa akisikiliza pia. "Mna miadi?"

"Nimemzaa aliye ndani," mama mkwe akasema.

"Mama yangu, taa ile nyekundu ikiwaka haingii mtu. Wako hewani."

"Mwanangu, mimi nimeingia leba bila kuuliza taa zilikuwa za rangi gani. Sogea."

Akasogea. Namshukuru mpaka leo.

Chumba kilikuwa kidogo kuliko nilivyodhani, kuta zimepigwa sponji kama godoro lililosimamishwa. Meza moja, maikrofoni, kinanda, kile kisanduku cha ngoma, na Kidoti kwenye gauni langu. Mama mkwe alibaki nyuma yangu mlangoni, anatafuta pumzi baada ya ngazi. Niliziba njia, hakuonekana.

Bwana Swichi aliniona akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Safari hii mashine ilikuwa yeye.

Nilivuta kiti nikakaa mbele ya maikrofoni. "Aliyeimba wimbo huu ni mimi."

Mtangazaji alikuwa mtu mwembamba, sauti yake ilimzidi mwili. Angeweza kunitoa. Lakini mtangazaji ni mtangazaji, macho yalimng'aa. "Wasikilizaji, mambo yameiva! Ameingia dada mmoja, ana sindano kwenye kola, anasema sauti ni yake! Dada, maneno matupu hayatoshi. Tupe ushahidi. Piga chafya!"

Nilivuta hewa. Nikakunja pua. Nikafumba macho, nikafikiria pilipili, nikafikiria vumbi la pamba la kiwandani.

Wapi! Pua ilikuwa kavu kama ubao.

"Haiji?" mtangazaji akacheka. Simu zikaanza kulia mezani.

"Haiwezi kuombwa. Inakuja yenyewe."

"Aa, dada! Hata huyu binti amejitahidi akatoa kidogo!" Kidoti alikuwa anatazama sakafu, hajacheka. "Haya, tumuulize mwenye wimbo. Bwana Swichi, dada huyu unamfahamu?"

Nikamgeukia. Alikuwa amevaa shati ambalo kola yake niliikata mimi, nikaishona mimi, nikaipiga pasi mimi asubuhi ile, akaivaa akatoka kwenda kunikana.

Akaitazama maikrofoni.

"Simfahamu," akasema.

Nchi nzima ilisikia. Na mama yake alisikia, ila yeye hakuhitaji redio.

Kuna wanaotaka niseme kwamba nililia. Nimeambiwa habari hizi huuzika zaidi mtu akilia. Sikulia. Kitu fulani kilitulia ndani yangu, kama cherehani inapokaa sawa baada ya kukwaruza siku nzima.

"Hunifahamu?" nikamwambia. "Basi utanifahamu sasa hivi. Piga kinanda."

Hakupiga.

"Piga, mwanangu," sauti ikasema kutoka mlangoni.

Bwana Swichi aligeuka akamwona. Rangi yote ikamtoka, hadi midomoni. Mikono yake ikabaki angani juu ya kinanda, haishuki, haiondoki.

Sikumngoja. Nilikuwa nimengoja vya kutosha. Nikanyoosha mkono nikakiwasha mwenyewe kile kisanduku cha ngoma, nilimwona akifanya hivyo mara nyingi mno. Tu-ka-tu-ka. Ile ngoma isiyomsubiri mtu.

Nikaimba.

Bila kinanda. Sauti na ngoma tu. Mtangazaji alikuwa ameshapeleka mkono kwenye swichi yake, nikauona ule mkono ukisimama njiani. Ubeti wa kwanza ukapita. Ubeti wa pili niliutembeza, kama mama mkwe alivyoniagiza majirani wakiwa sebuleni. Kidoti alianza kulia, sijui kwa nini, sikumuuliza.

Ndipo ikaja. Kidogo sana mwanzoni. Harufu ya nywele zilizoguswa na pasi.

Kinanda kilikuwa kimepata joto.

Katika dunia nzima palikuwa na mtu mmoja tu mwingine aliyejua harufu ile inanifanya nini. Nilimwona puani kwamba ameinusa. Nilimwona machoni kwamba ameelewa. Akainama upesi chini ya meza, kule kwenye soketi, ambako kinanda na ngoma na maikrofoni vyote vilichomekwa kwenye waya mmoja; ukichomolewa huo, vyote vinazimika.

Mama mkwe akaanza kutembea, na goti lake.

Mimi nilikuwa nimefika mstari wa mwisho. Pua ikaanza kuwasha.

Chini ya meza mkono wa mume wangu ukaushika waya. Nami nikavuta pumzi. Karatasi imefika mwisho; mengine gazeti lijalo.